Mfunze mtoto wa paka choo badala ya kumtupa

Kuna swali ambalo huzuka katika nyumba nyingi za mjini mara tu mama wa nyumba anapopata mimba. Je, paka atabaki ama ataondoka? Shangazi akija kutoka mashambani atasema aondoke. Jirani wa mlango wa pili atasema paka huharibu mimba. Mume naye, ambaye hakumpenda paka huyo tangu siku ile alipolikojolea koti lake la kazini, ataona sasa amepata nafasi aliyokuwa akiingojea. Jioni mtoto wa paka hutiwa guniani, akapelekwa kutupwa sokoni au kando ya mto, na kila mtu nyumbani akalala akiamini kwamba hatari imekwisha.

Waulize madaktari, wa mifugo na wa binadamu, nao watakuambia kwamba hatari haikwenda na gunia. Kinachoweza kumdhuru mama na mtoto aliye tumboni hutoka katika kinyesi cha paka kilichokaa siku kadhaa bila kuondolewa, na pia katika nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri. Paka aliyefunzwa kwenda haja mahali pamoja, na mahali hapo pakasafishwa kila siku, ni hatari ndogo sana. Wa kuogopwa ni yule aliyetupwa, anayejisaidia kwenye bustani za sukuma wiki na kwenye mchanga wanakochezea watoto wa mtaa mzima.

Kwa hivyo leo tutazungumzia jambo ambalo wengi huliona dogo, yaani jinsi ya kumfunza mtoto wa paka choo. Usicheke. Wengi wetu tulimleta paka nyumbani kwa sababu ya panya, hasa sisi tunaoishi katika nyumba za ghorofa za kupangisha huko Umoja, Kayole, Pipeline ama Githurai, ambako panya hupanda kwa mabomba kutoka orofa ya chini hadi ya juu. Sumu ya panya ni hatari kwa watoto, nao mtego hunasa panya mmoja huku kumi wakicheka. Paka ndiye dawa. Lakini ghorofani hakuna udongo wa kufukua, na mtu akishafunga mlango aende kazini, mnyama huyo hana pa kwenda ila zulia, kikapu cha nguo chafu, au chini ya kochi.

Wangu mimi nilipewa na mwenye bucha mtaani kwetu. Siku ya kwanza alijisaidia ndani ya gunia la makaa, nasi hatukujua mpaka siku ya tatu tulipowasha jiko. Sitaielezea harufu hiyo. Kosa halikuwa lake. Makaa yalikuwa kitu cha pekee nyumbani kilichofukulika.

Anazaliwa akijua kufukia

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye mpaka leo anaishi katika mbuga zetu. Mnyama huyo wa nchi kavu hufukua udongo laini, hujisaidia, kisha hufukia ili harufu isiwaite adui zake. Mtoto wa paka huzaliwa na tabia hiyo. Kwa hivyo humfunzi kufukia. Unachomfunza ni mahali tu, na ndiyo maana kazi hii huwa nyepesi kuliko ya kumfunza mbwa, licha ya yale unayosikia watu wakilalamika.

Hata hivyo umri una maana. Kwa wiki tatu hivi za mwanzo mtoto wa paka hawezi hata kujisaidia peke yake. Mama yake humlamba chini ya mkia ndipo haja itoke, naye huila ili mahali pa kulala pabaki safi. Ukiokota mtoto wa paka wa umri huo aliyeachwa na mamake, itakubidi uifanye kazi hiyo mwenyewe kwa pamba iliyochovywa katika maji ya uvuguvugu, kila baada ya kumlisha, la sivyo atafura tumbo na huenda akafa. Kuanzia wiki ya 3 au ya 4 huanza kufukuafukua. Kufikia wiki ya 8 mama huwa amemwonyesha mengi, na huo ndio umri wa mapema kabisa unaofaa kumchukua. Taabu ni kwamba wengi wetu hupewa wakiwa wa wiki tano, kwa sababu mwenye paka amechoshwa na kelele. Ukiweza, mwombe akuwekee wiki tatu zaidi. Utajipunguzia kazi nyingi.

Beseni na kitu cha kutia ndani

Choo cha paka ni chombo cha plastiki chenye sakafu bapa na ukingo mfupi. Kwa mtoto wa paka ukingo usizidi sentimita 7 hivi upande mmoja, maana miguu yake ni mifupi na akishindwa kupanda mara mbili atakwenda kwingine. Karai la chuma la fundi wa ujenzi halifai. Lina kina kirefu, na huyumba likikanyagwa. Kama hutaki kununua beseni, chukua mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20, uulaze ubavu, kisha ukate upande wa juu. Ule ukingo uliokatwa ufunge kwa utepe mzito usije ukamchoma. Baada ya miezi sita mtungi huo utakuwa mdogo. Paka mkubwa huhitaji chombo chenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, bila kuhesabu mkia, apate nafasi ya kugeuka.

Ndani ya beseni utatia nini? Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hivyo tukae kidogo.

Zamani watu walitumia majivu, mchanga au vumbi la mbao. Udongo maalumu wa madukani ulianza mwaka wa 1947 katika jimbo la Michigan, Marekani, wakati mwanamke mmoja alipomwendea jirani yake, Edward Lowe, kumwomba mchanga. Mchanga wake ulikuwa umegandishwa na baridi, na majivu yalimletea taabu kwa vile paka alichapa nyayo nyeusi nyumba nzima. Lowe alimpa udongo mkavu wa mfinyanzi ambao familia yake iliuza kwa ajili ya kunyonya mafuta yaliyomwagika sakafuni. Mama huyo hakurudi tena kwa mchanga. Leo udongo wa aina hiyo unauzwa katika baadhi ya supamaketi za Nairobi na Mombasa na katika maduka ya vyakula vya wanyama, na kama mfuko wako unaruhusu, ni mzuri. Ila kuna aina inayoganda kama donge ikiloweshwa. Hiyo usimpe mtoto wa paka mpaka aache tabia ya kuonja kila kitu, yaani kufikia miezi 3 au 4 hivi. Akiumeza, unaweza kuganda tumboni mwake.

Asiye na pesa hizo hajakosa njia. Mchanga wa mto, ule wa kujengea, unafaa sana. Uchekeche kuondoa kokoto, uumwagie maji yanayochemka, kisha uanike juani mpaka ukauke kabisa. Maji hayo ya moto si mapambo. Mchanga uliorundikwa nje hutembelewa na paka wa mtaa usiku, na huenda unauleta ndani ugonjwa ule ule unaoukimbia. Kwa sababu hiyo usichote udongo wa bustanini. Vumbi la mbao kutoka kwa seremala ni jepesi na hunyonya mkojo vizuri, lakini muulize kwanza kama mbao zake zimetiwa dawa ya mchwa. Kama zimetiwa, achana nalo. Majivu ya jiko yakilowa huwasha ngozi ya nyayo, na pia paka atakuchapia nyumba kama alivyochapiwa yule mama wa Michigan. Karatasi za gazeti zilizochanwachanwa zinaweza kutumika kwa siku mbili tatu (hata hili unalolisoma, ukishamaliza), ingawa hulowa upesi na paka huweza kuzoea kwamba karatasi yoyote iliyo sakafuni ni choo. Ole wako basi siku utakayosahau daftari la mtoto chini.

Kina cha mchanga kiwe sentimita 3 hadi 5. Ukishapata kitu anachokikubali usikibadilishe ovyo. Usitie manukato wala unga wa kunukia. Pua ya paka ni kali kuliko yako, na kile unachokiona wewe kuwa harufu nzuri ya maua humfukuza.

Beseni liwe mbali na chakula na maji yake, kwa maana hakuna mnyama msafi anayekula chooni. Liwe pia mahali patulivu, si nyuma ya mlango unaofunguliwa kila dakika wala karibu na redio. Kwa anayeishi katika chumba kimoja, kona iliyo nyuma ya pazia la kitanda, mbali na jiko, inatosha. Bafu je? Watu wengi hufurahi paka anapochagua kona ya bafu kwa sababu ni rahisi kumwagia maji. Mimi siungi mkono jambo hilo. Hapo ndipo watoto wako huogea miguu mitupu.

Siku za kwanza

Mtoto wa paka akifika, usimwachie nyumba nzima siku hiyo hiyo. Mfungie katika sehemu ndogo, iwe jikoni, kijichumba cha stoo, au katoni kubwa iliyokatwa upande, pamoja na beseni lake upande mmoja na chakula na matandiko upande mwingine. Ondoa vitu vyote vinavyofukulika, yaani kikapu cha nguo, gunia la makaa na vyungu vya maua. Siku tatu hadi saba hutosha kwa wengi.

Kuna nyakati ambazo karibu kila mara atataka kwenda haja. Nazo ni mara tu anapoamka, dakika 15 hadi 30 baada ya kula, na baada ya kucheza. Nyakati hizo mchukue polepole umweke ndani ya beseni, kisha ujikalie kando. Baadhi ya watu hushika mguu wake wa mbele na kuukwaruza mchangani. Wengine hufaulu kwa njia hiyo, lakini wengi wa watoto wa paka huogopa wakishikwa miguu, na hofu hiyo huihusisha na beseni. Afadhali ukwaruze mchanga kwa kijiti mbele yake, aone na asikie. Akifanya, usipige makofi wala kumnyakua kwa furaha. Mwache amalize na kufukia, ndipo umpe kipande cha samaki.

Mtazame nyakati nyingine pia. Akianza kunusa sakafu, kuzungukazunguka, kukwaruza zulia au kulia huku akienda kona, unazo sekunde chache tu. Mbebe bila kelele umpeleke. Akiwa amekwisha kukosea mahali kwingine, chukua kiasi kidogo cha choo chake kwa karatasi ukiweke juu ya mchanga wa beseni. Harufu hiyo itamwambia kuliko maneno yako.

Sasa juu ya adhabu. Wazee wetu walizoea kumshika paka shingoni na kumsugua pua katika uchafu wake, halafu kumpiga kandambili. Sijui ni nani aliyeanzisha jambo hili, lakini halijawahi kumfunza paka yeyote. Paka hawezi kuunganisha kipigo cha saa moja jioni na mkojo wa saa saba mchana. Anachojifunza ni kwamba ukimwona akijisaidia unakuwa mkali, hivyo atajificha chini ya kitanda kufanya hivyo, mahali ambapo hutaona kwa wiki nzima.

Jambo jingine ambalo paka hulaumiwa bure ni kuhara. Tunampa maziwa ya ng'ombe kwa wingi kwa sababu vitabu vya shule vilituonyesha paka na bakuli la maziwa. Ukweli ni kwamba tumbo la paka aliyeachishwa kunyonya mara nyingi haliwezi kusaga sukari iliyo katika maziwa. Huhara, na anayehara hana muda wa kutafuta beseni. Mpe maji. Mpe pia omena iliyochemshwa, utumbo au maini yaliyopikwa, au chakula cha paka cha dukani. Ugali mtupu wa mabaki haumtoshi, maana paka ni mla nyama.

Mahali alipokosea pasafishwe hadi harufu iishe, kwa maana atarudi palipo na alama yake. Kausha kwanza kwa kitambaa, osha kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, suuza, kisha pangusa kwa spiriti ya hospitalini. Usitumie dawa yenye amonia, kwa sababu mkojo una harufu ya jamii hiyo na paka ataona umemthibitishia kwamba hapo ni choo. Usimwagie Jik juu ya mkojo ambao haujaoshwa. Mchanganyiko huo hutoa hewa inayowasha kifua, hasa katika chumba kisicho na dirisha. Na zile dawa za kuua viini ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini ziweke mbali kabisa na beseni la paka. Nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka haliwezi kuziondoa mwilini. Anakanyaga, analamba nyayo, anaugua, nawe husemi ni dawa, unasema amerogwa na jirani.

Ugonjwa wenyewe

Turudi kwa yule mama mja mzito. Ugonjwa unaozungumzwa huitwa toksoplasmosi, nao huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, toksoplasma. Kilitambuliwa mwaka wa 1908 katika panya wa mawe huko Tunisia, na ilichukua miaka sitini hivi kabla ya wanasayansi kugundua kwamba paka na jamii yake ndio wanyama pekee ambao kijidudu hiki hutaga mayai matumboni mwao. Paka hukipata anapokula panya, ndege au nyama mbichi iliyo nacho. Kisha kwa muda wa wiki moja hadi tatu hivi hutoa mayai kwa mamilioni katika kinyesi chake. Baada ya hapo mwili wake hujenga kinga, na kwa kawaida hatoi tena.

Msomaji makini ameona maana yake. Paka mkubwa uliyeishi naye miaka mitano huenda alimaliza shughuli hiyo zamani. Ni mtoto wa paka, yule aliyeanza juzi tu kukamata panya, ambaye yumo katika wiki hizo. Kwa hivyo wakati unapomfunza choo ndio wakati kinyesi chake kinahitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Lakini kuna habari njema ambayo ni watu wachache waijuao. Mayai hayo yakitoka hayawezi kumwambukiza mtu papo hapo. Huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka ndipo yakomae. Choo kikiondolewa kila siku, tena mapema, hatari kubwa huondoka nacho kabla haijaiva. Kikiachwa mpaka Jumamosi ndipo kisafishwe, mayai huwa yamekomaa, na udongoni huweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja.

Watu wengi wanaoambukizwa hawasikii lolote, au huwa na homa kidogo na kufura tezi. Taabu huwa kwa mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mja mzito, kwa maana kijidudu huweza kumfikia mtoto na kuharibu ubongo au macho yake, au mimba ikatoka. Wengine wa kujihadhari ni wale wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao kinga yao ya mwili imeshuka sana, kwa sababu kijidudu kilicholala mwilini miaka mingi huweza kuamka na kushambulia ubongo. Kwa hao kuna dawa za kinga, na daktari wao wa kliniki ndiye wa kuwaongoza.

Hata hivyo usimbebeshe paka mzigo wote. Uchunguzi uliofanywa katika miji sita ya Ulaya na kuchapishwa mwaka wa 2000 ulionyesha kwamba nyama isiyoiva vizuri ndiyo iliyohusishwa na asilimia 30 hadi 63 ya maambukizo miongoni mwa akina mama waja wazito. Kushika udongo kulihusishwa na asilimia 6 hadi 17. Kuwa karibu na paka hakukuonekana kuongeza hatari. Ulaya si Kenya, nakubali. Lakini sisi tunaopenda nyama choma ya mbuzi iliyo nyekundu katikati, na kachumbari iliyokatwa bila kuoshwa, tuna la kujifunza hapo. Mama anayemfukuza paka asubuhi kisha jioni akala mbavu zisizoiva hajajikinga na kitu.

Ikiwa una mimba, basi, mtu mwingine aondoe choo cha paka. Mume aliyetaka kumtupa anaweza sasa kupewa kazi hiyo. Kama unaishi peke yako, vaa glavu za mpira, fanya hivyo kila siku, usitimue vumbi, kisha unawe mikono kwa sabuni. Usimpe paka nyama mbichi wala matumbo mabichi, na ukiweza mzuie kutoka nje miezi hiyo. Ukiwa na wasiwasi mweleze muuguzi wa kliniki ya akina mama. Kipo kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha kama uliwahi kuambukizwa hapo awali.

Kazi ya kila siku

Chukua mwiko wa zamani wenye matundu, ambao hautarudi jikoni kamwe, uondoe choo na madonge yaliyolowa. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, watu wengi huniuliza wafungie nini. Pakiti tupu ya unga wa mahindi ya kilo mbili inafaa kabisa. Ni karatasi ngumu, na nyumba nyingi huwa na moja au mbili kila wiki. Ikunje mdomo uitupe katika pipa la takataka. Usimwage chooni. Mchanga utaziba bomba na mwenye nyumba atakutafuta, na zaidi ya hayo mayai ya ugonjwa yatasafiri na maji machafu hadi mitoni, na kando ya mito ya Nairobi ndiko baadhi ya mboga tunazokula hukuzwa.

Mara moja kwa wiki mwaga mchanga wote. Osha beseni kwa sabuni, kisha lijaze maji yaliyochemka uyaache yapoe. Hayo ndiyo yanayoua mayai ya toksoplasma. Jik haiyawezi. Najua mitaa mingi hupata maji siku mbili au tatu tu kwa wiki, lakini birika moja linatosha.

Uangalifu huo huo utakukinga na minyoo. Karibu kila mtoto wa paka hupata minyoo kutoka katika maziwa ya mama yake, na mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na mtoto anayetambaa, vijiminyoo huweza kusafiri hadi kwenye ini au jicho. Mayai haya nayo huhitaji wiki kadhaa kukomaa udongoni. Daktari wa mifugo ataanza kumpa paka dawa ya minyoo akiwa na wiki 3, na kuirudia kila wiki mbili mpaka aache kunyonya. Akifikisha miezi mitatu, achanjwe pia dhidi ya kichaa cha mbwa.

Ikiwa paka aliyezoea beseni ameanza ghafula kulikataa, litazame beseni kwanza. Je, limesafishwa? Umebadilisha mchanga? Umeleta paka wa pili? Paka wawili wahitaji mabeseni mawili, na la tatu ukipata nafasi. Akiwa anachuchumaa mara kwa mara na kulia huku mkojo hautoki, usingoje kesho. Huenda njia imeziba, na kwa paka dume huo ni ugonjwa wa kuua kwa siku mbili tatu. Lakini dume wa miezi sita anayesimama na kunyunyizia ukutani hajasahau choo. Anatangaza mipaka yake, na dawa yake ni kuhasiwa. Ikiwa umefikia uamuzi kwamba huwezi kabisa kuishi naye, wapo KSPCA jijini Nairobi, ambao huwatafutia paka makao mapya. Gunia na mto si njia.

Ukitaka hatimaye beseni likae kwenye roshani na si jikoni, usilihamishe kwa siku moja. Lisogeze hatua moja tu kila baada ya siku mbili. Na siku utakapohama nyumba, kama tunavyohama sisi wapangaji, chota mikono miwili ya mchanga wake uliotumika, utie katika pakiti ya unga, usafiri nao. Kabla hujafungua kitanda wala kuunganisha jiko, tafuta kona, weka beseni, mwaga mchanga ule juu ya mpya, ndipo umfungulie paka.